Kuwasilisha Utafiti wa Shahada ya Kwanza Mbele ya Jopo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Jopo la watahini halikuiti ili uwasomee ripoti. Ripoti wanayo mkononi, na walau mjumbe mmoja ameshaipitia na kalamu nyekundu. Wanachotaka kujua katika zile dakika 15 au 20 ni mambo mawili tu: je, kazi hii ni yako, na je, unajua sababu ya kila ulichokifanya? Swali la kwanza limekuwa zito siku hizi, maana wapo wanaoandikiwa utafiti kwa malipo na wapo wanaoiachia ChatGPT iandike, na walimu wanalijua hilo vizuri kuliko wanafunzi wanavyodhani.

Ndiyo maana mwanafunzi aliyekesha akipamba slaidi anaweza kukwama kwenye swali dogo kama "Hawa watu 80 uliwapataje?", huku mwenzake mwenye slaidi za kawaida kabisa akitoka na alama nzuri. Mwongozo huu unaelekeza nguvu huko kwenye sababu. Umeandikwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha Tanzania, lakini wa Kenya au Uganda atakuta mengi yanafanana.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme umefanya utafiti kujua kwa nini mama lishe wa soko la Mabibo, Dar es Salaam, wanaendelea kupikia mkaa badala ya gesi. Sokoni kuna mama lishe 100, nawe umewahoji 80. Soko lipo, takwimu ni za kubuni, za kujifunzia tu.

Hatua ya 1: Jua idara yako inataka nini

Kabla ya kufungua PowerPoint, nenda kwa mratibu wa utafiti wa idara. Uliza unapewa dakika ngapi za kuwasilisha na ngapi za maswali, lugha gani itatumika, na nakala ngapi za ripoti zipelekwe mapema na kwa nani. Idara nyingi zina fomu ya kutolea alama. Mwombe msimamizi wako akuonyeshe. Ukikuta mbinu na matokeo vimebeba alama nyingi kuliko vingine vyote, umeshajua dakika zako ziende wapi.

Walio kwenye uhandisi na kompyuta wana jambo la ziada: jopo hutaka kuona kifaa au programu ikifanya kazi. Rekodi video fupi ya kifaa hicho kikifanya kazi ukiwa bado hosteli, uiweke kwenye slaidi. Saketi iliyowaka jana usiku haina mkataba wa kuwaka leo asubuhi mbele ya maprofesa.

Hatua ya 2: Karatasi moja kabla ya slaidi

Chukua karatasi ya A4, ilaze, uchore safu tano: lengo mahususi, swali la utafiti, data zilizolijibu, ulichokipata, na pendekezo. Kila lengo lipate mstari wake. Kisha soma kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Pale mstari unapokatika ndipo jopo litakapokushika.

Mara nyingi hukatika sehemu tatu. Ya kwanza ni lengo lisilo na data: lengo la tatu linasema "kutathmini madhara ya moshi kwa afya ya mama lishe", lakini ukiipekua hojaji yote hakuna hata swali moja la afya. Ya pili ni pendekezo lisilo na mzazi. "Serikali itoe elimu kwa wananchi" limekuwa kama kiitikio kwenye slaidi za mwisho za vyuo vyetu, na mjumbe yeyote aliye macho atauliza: elimu gani, kwa nani, na ni wapi kwenye matokeo yako tumeona kwamba tatizo lao ni kukosa elimu? Kama hakuna tokeo linalolizaa pendekezo, lifute.

Ya tatu ni nadharia iliyobandikwa. Mwanasaikolojia Maslow na ngazi yake ya mahitaji ya binadamu ya mwaka 1943 ameshaitwa kwenye kila aina ya utafiti, hata pale asipohusika. Ukisema kazi yako imeongozwa na Modeli ya Ukubali wa Teknolojia ya Fred Davis ya 1989, basi yale mawili aliyoyasisitiza, yaani mtu anavyoona kitu kina manufaa na anavyoona ni rahisi kukitumia, lazima yaonekane kwenye hojaji na yarudi kwenye mjadala. Nadharia inayotokea sura ya pili na kupotea moja kwa moja ni mwaliko wa swali.

Ukigundua mstari umekatika na ripoti imeshakabidhiwa, usijaribu kuuficha. Mweleze msimamizi, kisha utaje upungufu huo mwenyewe unapowasilisha, kwa sentensi moja. Upungufu uliousema wewe huonekana kama ukomavu. Aliougundua mjumbe huonekana kama uzembe.

Hatua ya 3: Gawa dakika

Kwa dakika 15, mgawanyo huu unafaa: usuli na tatizo dakika 2, mapitio ya maandiko dakika 1, mbinu dakika 3, matokeo na mjadala dakika 6, hitimisho na mapendekezo dakika 2, na dakika 1 ya akiba. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: dakika 7 zinaishia kwenye usuli, mwenyekiti anagonga meza, na matokeo, ambayo ndiyo mali ya mtafiti mwenyewe, yanapitishwa mbio mbio kama mtu anayefukuzia daladala ya mwisho.

Mapitio ya maandiko kupewa dakika moja kunawauma wengi kwa sababu sura hiyo iliwatesa kuliko zote. Lakini jopo halihitaji kusikia nani alisema nini mwaka gani. Sema waliotangulia wameonyesha nini kwa ujumla, sema pengo liko wapi, endelea.

Hatua ya 4: Slaidi

Slaidi 10 hadi 12 zinatosha. Guy Kawasaki wa Marekani anajulikana kwa kanuni yake ya 10/20/30: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua ukubwa wa 30. Aliitoa kwa watu wanaoomba mtaji kwa wawekezaji, si kwa watahini, ila kwenye herufi amepatia. Kwa utafiti unaweza kushuka hadi 24. Chini ya hapo mjumbe aliye nyuma ataanza kukunja uso, na mtu aliyekunja uso ana maswali makali.

Mandhari nyeupe, herufi nyeusi, rangi moja ya kusisitiza. Projekta nyingi za vyumba vya mihadhara zimechoka, na ile bluu nzuri iliyoko kwenye laptopu yako itatoka ukutani kama kijivu. Usiweke herufi zinazoruka wala kuzunguka.

Slaidi ya kwanza iwe na kichwa cha utafiti, jina lako, namba ya usajili, jina la msimamizi na tarehe. Hakiki cheo cha msimamizi. Aliyepandishwa kuwa Profesa Mshiriki mwezi uliopita hatakwambia kitu ukimwandika Dkt., lakini ataona.

Kwenye usuli, tafuta jambo moja linaloonyesha kwa nini suala lako lina uzito sasa. Kwa mfano wetu, Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Sentensi hiyo inatosha. Baada yake sema: mama lishe anapika kutwa nzima, kila siku, lakini wengi bado wako kwenye mkaa, nilitaka kujua kwa nini. Hakuna haja ya kuanzia enzi za ukoloni.

Hatua ya 5: Slaidi za matokeo zipe muda kuliko zote

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Mwanafunzi ananakili jedwali kutoka SPSS, programu ya kuchakata takwimu, lilivyo, lenye safu za idadi, asilimia, asilimia halali na asilimia limbikizi, analipa kichwa "Jedwali 4.3: Sababu za Kutumia Mkaa", kisha analisoma mstari kwa mstari. Jopo linaweza kusoma. Linachosubiri ni wewe useme jedwali linamaanisha nini.

Anza na kichwa cha slaidi. Badala ya jina la jedwali, andika sentensi nzima inayosema ulichokipata: "Kikwazo kikubwa ni kulipia mtungi kwa mkupuo". Sasa mjumbe akiinua macho tu, ameshapata hoja. Chini yake weka chati ya nguzo tatu, ukiwa na namba tunazozitumia kwenye mfano: kati ya mama lishe 50 wanaotumia mkaa, 31 walisema mkaa wanaununua kidogo kidogo kila siku ilhali mtungi unataka hela yote mara moja; 11 walisema maharage na makande hayaivi vizuri kwenye gesi; 8 walisema wanaogopa mtungi kulipuka.

Kuna mtego hapo. Wanaotumia mkaa ni 50 kati ya 80, yaani asilimia 62.5. Waliotaja malipo ya mkupuo ni 31 kati ya 50, yaani asilimia 62. Ukizitaja asilimia hizo mbili moja baada ya nyingine bila kusema ni asilimia ya nani, wasikilizaji watadhani ni namba ileile, na mjumbe mmoja atakukatisha katikati. Hao hao 31 ukiwagawanya kwa washiriki wote 80 wanakuwa asilimia 38.75, sura nyingine kabisa. Kwa sampuli ndogo, dawa ni kusema "31 kati ya 50" na kuachana na asilimia. Na asilimia yenye desimali mbili kwa watu 80 ni urembo tu.

Kama ulifanya usaili, weka nukuu moja ya mshiriki, fupi, kwa maneno yake. Katika mfano wetu ingekuwa kama hivi: "Mtungi ukiisha saa tano asubuhi na maharage yako jikoni, nami mkononi sina elfu ishirini na kitu, nitafanyaje?" Hata kama unawasilisha kwa Kiingereza, acha Kiswahili chake kionekane na tafsiri iwe chini. Nukuu ya namna hii inaliambia jopo kwamba ulifika sokoni, jambo ambalo jedwali peke yake haliwezi kulithibitisha. Jina la mshiriki usilitaje. Andika "Mshiriki namba 7".

Hatua ya 6: Andaa daftari la sababu

Huu ndio moyo wa maandalizi yote. Pitia ripoti ukurasa kwa ukurasa na, kila unapokuta uamuzi uliofanya, andika kwenye daftari: kwa nini hivi na si vile? Kwa nini Mabibo? Kwa nini mama lishe na si kaya? Kwa nini hojaji? Kila jibu lisizidi sentensi tatu. Usiyaandike kwenye simu. Kuandika kwa mkono kunakulazimisha ufupishe.

Tuchukue swali moja tulichambue, la sampuli, kwa sababu huulizwa karibu kila mara. Ripoti nyingi za shahada ya kwanza hutumia fomula ya Taro Yamane: idadi ya walengwa igawanywe kwa moja jumlisha zao la idadi hiyo na mraba wa kiwango cha makosa. Kwa watu 100 na makosa ya 0.05, inakuwa 100 ugawanye kwa 1.25, jibu 80. Mwanafunzi anajibu "Nilitumia Yamane" na kudhani amemaliza. Mjumbe mwenye uzoefu anaendelea: "Kama wote walikuwa 100 tu, kwa nini usiwahoji wote?" Halafu: "Na hao 80 uliwachaguaje?"

Hilo la pili ndilo lenye makali. Fomula hiyo ina maana pale tu uliowahoji walipochaguliwa kwa bahati nasibu. Kama ulipata orodha kwa uongozi wa soko, ukaandika namba kwenye vikaratasi na kuokota 80, sema hivyo hivyo, vikaratasi na yote. Kama ulihoji yeyote uliyemkuta hana wateja, hiyo ni sampuli ya urahisi, na Yamane hawezi kukuokoa. Kubali ni sampuli ya urahisi, sema matokeo yanawahusu uliowahoji, na usiyatandaze kwa mama lishe wote wa Dar es Salaam. Jibu hilo la unyenyekevu lina alama. Kung'ang'ania fomula hakuna.

Swali lingine la kudumu ni la kichwa cha utafiti. Ukiandika "Athari za bei ya gesi kwa...", utaulizwa athari uliipimaje ilhali uliwahoji watu mara moja tu, bila kujua hali ya kabla. Hojaji ya siku moja inaweza kuonyesha uhusiano kati ya mambo mawili. Kwamba moja limesababisha jingine ni madai mazito zaidi. Ukiona kichwa chako kina neno hilo na hujakabidhi nakala ya mwisho, zungumza na msimamizi kuhusu kulibadilisha liwe "mambo yanayohusiana na".

Kwa waliotumia kipimo cha kitakwimu: usitaje kipimo usichoweza kukieleza kwa mtu wa kawaida. Ukisema thamani ya p ilikuwa chini ya 0.05, uwe tayari kusema hiyo inamaanisha nini bila kuangalia slaidi. Ukisema alfa ya Cronbach ilikuwa juu ya 0.7, ujue inapima nini: kwamba maswali yanayopima jambo moja yanakubaliana. Kama data ilichakatwa na rafiki, kaa naye akufundishe upya hadi uweze kuirudia mwenyewe. Mjumbe akiomba "Rudi kwenye jedwali, utueleze hii namba ilitoka wapi", ni kwenye dakika hiyo ambapo kazi ya kuandikiwa hujulikana.

Usisahau maswali ya vibali na maadili. Ulikuwa na barua ya utambulisho ya chuo? Ilipita kwa Katibu Tawala wa Wilaya au ofisi gani? Washiriki waliridhia vipi? Kama utafiti wako unahusu wagonjwa au sampuli za damu, suala la kibali cha maadili haliwezi kujibiwa kwa "msimamizi aliniambia". Beba nakala za barua hizo.

Hatua ya 7: Mazoezi, na suala la lugha

Idara nyingi zinataka uwasilishe kwa Kiingereza. Ushauri wangu hapa huwashangaza baadhi ya watu: fanya zoezi la kwanza kwa Kiswahili. Mkalishe mwenzako wa chumbani anayesoma kozi nyingine kabisa, umweleze utafiti wako kwa dakika tano, bila slaidi. Akishindwa kukuelewa kwa Kiswahili, tatizo si Kiingereza chako. Bado hujaielewa hoja yako mwenyewe. Ukishaimudu, ihamishie kwenye Kiingereza cha sentensi fupi. Sentensi ndefu uliyoikariri kutoka kwenye ripoti ikikatika katikati, hutajua pa kuiokotea.

Wanaosoma Kiswahili na kuwasilisha kwa Kiswahili wana mtihani tofauti, wa kuchanganya. "Nilikolekti data kwa kutumia intavyuu" itamfanya mjumbe akukatishe kabla hujamaliza sentensi. Zoea kusema nilikusanya data, usaili, hojaji, usampulishaji, mapitio ya maandiko, hadi yatoke yenyewe.

Zoezi la pili lifanye umesimama, ukiwa na saa, slaidi zikiwa ukutani au hata kwenye skrini ya laptopu iliyowekwa mbali. La tatu lifanye mbele ya wenzako wawili watatu wanaowasilisha wiki hiyo hiyo, kila mmoja akipewa kazi ya kuuliza maswali matatu mabaya. Wenzako wanajua udhaifu wa kazi yako kuliko unavyofikiri, maana mlikuwa wote maktaba.

Usikariri neno kwa neno. Kariri sentensi mbili tu: ya kufungulia na ya kufungia.

Hatua ya 8: Vifaa na chumba

Siku moja kabla, nenda ukakione chumba. Angalia projekta inatumia waya gani. Bado zipo za VGA, na laptopu nyingi mpya zina HDMI au USB-C pekee, kwa hiyo tafuta kiunganishi. Weka kazi yako sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye barua pepe. Iweke kama faili la PowerPoint na pia kama PDF, kwa sababu PDF haibadiliki ikifunguliwa kwenye kompyuta ya idara yenye toleo la zamani. Kama una herufi zisizo za kawaida au milinganyo, PDF ndiyo itakayokuokoa.

Vitufe vichache vya kujua: kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P kuchagua namna ya kuonyesha kwenye projekta. F5 inaanzisha onyesho. Wakati wa onyesho, B inafanya skrini iwe nyeusi pale unapotaka watu wakutazame wewe. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, unarukia slaidi hiyo moja kwa moja, badala ya kurudi nyuma moja moja huku jopo zima likisubiri. Zima WhatsApp kwenye kompyuta. Ujumbe wa shemeji ukutani hauna nafasi kwenye fomu ya alama.

Umeme ukikatika? Chapisha slaidi zako, mbili kwa ukurasa, nakala moja kwa kila mjumbe. Ukizigawa na kuendelea bila kutetereka, hali hiyo mbaya inageuka kuwa faida kwako.

Kwa anayewasilisha kwa Zoom au Google Meet: kaa palipo na mtandao wa uhakika, uwe na bando kwenye simu kama akiba, mtumie mwenzako slaidi ili azionyeshe yeye ukikatika.

Hatua ya 9: Chumbani

Fika mapema kuliko zamu yako, kwa sababu mwenye zamu kabla yako huenda asitokee. Vaa nadhifu; suti si lazima, na suti ya kuazima inayobana mabega itakusumbua kuliko swali lolote.

Salamu iwe fupi na ya heshima: "Mwenyekiti wa jopo, wajumbe, msimamizi wangu, wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi." Taja jina lako na kichwa cha utafiti, kisha uingie kwenye tatizo. Slaidi ya yaliyomo, ile ya "nitaanza na utangulizi, kisha...", kama idara haijaiagiza, iruke.

Simama pembeni ya ukuta wa slaidi, mwili ukiwaelekea wasikilizaji. Unapotaka kuonyesha kitu, kionyeshe, subiri sekunde mbili, kisha uzungumze. Mkono ukitetemeka, weka kidole mezani na uache kutumia kile kitaa chekundu cha kuonyeshea slaidi, maana mtetemo wa mkono unaonekana mara kumi ukutani. Mwenyekiti akikuonyesha kikaratasi cha dakika mbili, acha ulichokuwa unakisema, rukia hitimisho. Anayeomba "dakika moja tu mwalimu" huwa hamalizi kwa dakika moja, na wote chumbani wanajua.

Hatua ya 10: Maswali

Kaa na kalamu na karatasi. Kwenye majopo mengi, mjumbe mmoja humwaga maswali manne kwa pigo moja. Yaandike yote kwa neno kuu moja moja. Usianze kujibu la kwanza kabla hajamaliza la mwisho.

Jibu kwa mpangilio huu: jibu lenyewe kwanza, sababu baadaye. Umeulizwa kwa nini hukuwahoji wote 100? "Baadhi hupika usiku tu, nami nilikuwa nakusanya data mchana, kwa hiyo nilichagua 80 kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya wapikao mchana." Subiri hapo. Lakini tazama jibu hilo linavyofungua mlango: kama orodha ilikuwa ya wapikao mchana, basi walengwa wako hawakuwa 100 tena, na hesabu ya Yamane inabadilika. Ndiyo maana majibu haya huandaliwa mapema, yakapimwa na mwenzako, badala ya kuyatunga pale pale.

Kuna maswali ambayo si maswali. Mjumbe anazungumza dakika tatu juu ya namna ambavyo yeye angeufanya utafiti huo, kisha ananyamaza. Jibu: "Asante, Profesa, nimelipokea, nitaliweka kwenye mapendekezo ya tafiti zijazo." Usibishane na ushauri. Bishana, kwa adabu, pale tu mjumbe anaposema jambo lisilo sahihi kuhusu kazi yako: "Samahani, Dokta, kwenye ukurasa wa 34 nimeeleza kwamba wauza chipsi hawakuhusishwa." Ukurasa ukiutaja kwa namba, mjadala unaisha.

Usilolijua, sema hulijui, ila usiishie hapo: "Hilo sikulipima, mwalimu. Ningetaka kulijua, ningewafuatilia mama lishe hao kwa miezi kadhaa nione wanaohamia gesi wanarudi kwenye mkaa lini." Kubuni takwimu mbele ya watu waliosoma ripoti yako ndiko kunakoangusha watu.

Mara nyingine wajumbe wawili wanaanza kubishana wao kwa wao kuhusu mbinu yako. Nyamaza, andika wanachosema. Wanakupa majibu bure, na muda wa maswali unaliwa.

Msimamizi wako naye yupo chumbani. Usimgeukie kwa macho ya kuomba msaada, na usiseme "supavaiza ndiye aliniambia nifanye hivi". Hata kama ni kweli. Uamuzi ukishaingia kwenye ripoti yenye jina lako, ni wako.

Hatua ya 11: Marekebisho

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kusherehekea, kaa na karatasi yako ya maswali na uandike kila maoni unayoyakumbuka. Mwombe mwenzako aliyekuwa chumbani akuandikie yake pia. Kuna uliyoyakosa kwa wasiwasi. Wajumbe wengine huandika maoni pembeni mwa nakala zao za ripoti, kwa hiyo zifuatilie kwa katibu wa idara.

Tengeneza jedwali lenye safu nne: maoni ya mjumbe, ulichokirekebisha, ukurasa wa marekebisho, na sababu pale ambapo hukurekebisha. Mpelekee msimamizi jedwali hilo pamoja na ripoti mpya. Atalisoma kwa dakika kumi na kutia saini, badala ya kuipitia ripoti upya kurasa zote na kukwambia urudi wiki ijayo. Badilisha kilichoombwa tu. Anayetumia nafasi hiyo kuandika upya sura nzima hufungua maswali mapya yasiyokuwepo.

Kisha angalia tarehe ya mwisho ya kukabidhi nakala ngumu, rangi ya jalada inayotakiwa na idara yako, na idadi ya nakala. Wiki ya mwisho steshenari za karibu na chuo hujaa foleni hadi usiku, na mashine ya kujalidi huwa ni moja.